Mafuta ya Indiketa

Nilitaka mshale wa RPM tu. Corolla yangu ilikuja kutoka Japani na dashibodi ya kimaskini: spidi, mafuta, joto, basi. Nikaenda kwa wauza spea wa Gerezani, nikaokota dashibodi yenye mshale huo, mikia ya waya ikining'inia, nikampelekea fundi pamoja na mchoro wa waya.

Balaa likaanzia kwenye mchoro. Toyota huhesabu pini za soketi jike kuanzia juu kushoto, za soketi dume kuanzia juu kulia, na huichora soketi kwa upande wa usoni, pale zinapokutana. Fundi wangu alikuwa amelala chali chini ya usukani, anaitazama soketi mgongoni, kunakoingia waya. Kushoto kwake ni kulia kwa mchoro.

“Bosi, Wajapani wamekosea hapa,” akatangaza kutoka huko chini. Akawasahihisha.

Kuanzia siku hiyo nikivuta handibreki, inawaka taa ya full. Mshale wa RPM, mwenye shughuli yake, ulilala sifuri kama mgeni rasmi aliyechoka hotuba.

Lakini kilichonifurahisha ni geji ya mafuta. Waya mweupe wenye mstari mweusi, ambao kwa Toyota ndio athi, fundi aliufunga kwenye skrubu iliyopakwa rangi. Rangi haipitishi umeme. Umeme wa dashibodi, ukikosa njia halali ya kurudi, hupita njia za panya kupitia balbu za jirani. Kwa hiyo nikiwasha indiketa, tangi linajaa. Tiki, robo tatu. Tiki, robo. Nikikata kona Magomeni nilikuwa tajiri, nikinyoosha barabara nafilisika.

Shemeji akaliazima gari, kwa ahadi ya kulirudisha na mafuta. Akalirudisha usiku, indiketa inawaka.

“Shem, cheki mwenyewe. Robo tatu hiyo.”

Unambishiaje shemeji mbele ya dada yako?

Mzee mmoja wa umeme wa magari ndiye aliyelitibu. Mchoro hata hakuuomba. Alishika testa, akagusa pini moja moja akinung'unika, akirudisha kila waya mahali pake, kisha akakwangua rangi chini ya skrubu hadi bati likang'aa, akaikaza. Mishale yote ikatulia, hata ule wa RPM ukaamka.

Shemeji ndiye hajaridhika. Anasema tangu litengenezwe, gari limeanza kula mafuta.