Muulize Babu Bikoni

*Shikamoo Babu. Mwaka jana nilinunua kiwanja hapa Msamala, kimepimwa, kina mwembe kwenye kona. Bei milioni sita. Nilitoa kianzio milioni mbili, nyingine tukaandikishana nimalizie mahindi yakitoka. Juzi napita, nakuta aliyeniuzia kapanda mahindi mle mle, yamefika magotini! Nikimuuliza anacheka. Nifanyeje?*
*– Mwenye Kiwanja*

Marahaba, mjukuu wangu. Nimeisoma picha ya mkataba wako mara tatu, maana ni mstari mmoja na nusu kwenye karatasi ya daftari, na dole gumba la shahidi limefunika neno "milioni". "Atamalizia mahindi yakitoka." Ya mwaka gani? Songea hii mahindi hutoka kila mwaka. Tena yakitoka wapi: shambani, au kwenye mizani ya NFRA, wale wakala wa hifadhi ya chakula, au hela ikishaingia kwenye simu yako? Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mauziano ya ardhi yawe ya maandishi. Ninyi mmeandika, nawapongeza. Bahati mbaya hailazimishi mtu kuandika kitu chenye akili.

Mngetaja tarehe na kiasi cha kila awamu. Mngesema ukichelewa inakuwaje, na kianzio kinarudi au kinapotea. Na muda wote huo wa deni nani analima, nani analipa kodi ya pango la ardhi, hati inakaa kwenye sanduku la nani? Hayo hayapo, basi kila mmoja wenu anakiita changu na hakuna anayedanganya. Halafu, mjukuu, mahindi ya mwaka jana si yalitoka? Mbona hapo umeparuka?

*Babu, heshima yako. Kijana mmoja alinipa milioni mbili za kiwanja akapotea. Mahindi yametoka, yameuzwa, yameliwa, yeye hayupo. Nikaona nilime tu. Sasa kaja mtu na milioni saba taslimu. Nimuuzie?*
*– Wa Msamala*

Bwana, hicho kiwanja hakina mwembe kwenye kona? Nilijua.

Usiuze. Zile milioni mbili hukupewa zawadi ya Idi, na hakuna mahali mlipoandika kwamba akichelewa zinaliwa. Ukipokea hizo saba utakuwa na wanunuzi wawili juu ya shina moja la mwembe, na mtakaponyoosha mguu kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, wewe ndiye utakayeulizwa maswali marefu. Mwandikie kijana barua, mpe siku za kulipa, nakala ibaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Akishindwa, mkae muandikishane kuvunja mauziano na kurudishiana fedha. Taslimu ina harufu nzuri, najua.

*Babu, mume wangu anataka kuuza kiwanja chetu cha mwembe mara ya pili. Hata ile ya kwanza sikuulizwa, na hela ya kukinunulia tulichanga wote, mimi kwa vitumbua.*
*– Mama Vitumbua*

Mama, tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilishakubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Sembuse vitumbua, vyenye hesabu. Jumamosi saa nne nitakuwa chini ya huo mwembe na karatasi nzima, si ya daftari. Nimewaita na wale wawili. Kalamu njoo nayo wewe, na vitumbua kidogo.