Benchi la Bavaria

Waingereza husifiwa kwa kushika mambo ya kale, na sifa hiyo ni ya haki katika kila jambo isipokuwa baa zao, ambazo mara wateja wanapoanza kuzizoea hubomolewa ndani, zikapakwa rangi na kupewa jina jipya, ili kila mtu awe mgeni tena. Jirani na kwangu, kusini ya London, palikuwa na baa moja ambayo kwa muda wote niliokaa mtaa ule ilikuwa na zulia jekundu lililokwisha kunywa bia nyingi kuliko mteja yeyote, ubao wa kutupia vishale uliozungukwa na matundu ya ukutani mengi kuliko yake mwenyewe, na mzee mmoja mwenye kofia ya sufu ambaye sikupata kumwona akiingia wala akitoka, hata nikasadiki kwamba nyumba ikiuzwa yeye huandikwa katika hati pamoja na viti. Baa hiyo ikafungwa, ikazungushiwa mbao, mafundi wakagonga nyundo majira mazima ya baridi. Na ilipofunguliwa tena ilikuwa imechukua uraia wa Ujerumani.

Wakati huo alikuwapo kwangu shemeji yangu, mwenyeji wa Tanga, aliyekuja kuwatazama wapwa zake. Mtu wa Tanga akisikia Wajerumani wametajwa hawezi kunyamaza, kwa kuwa katika Novemba 1914 majeshi ya Kiingereza yaliyotoka Bara Hindi yaliteremka huko kwa maelfu, yakapigwa na kikosi cha Mjerumani von Lettow-Vorbeck kilichokuwa kidogo kwa mbali, na nyuki nao wakaingia vitani bila ya kualikwa, wakiuma pande zote mbili pasipo upendeleo. Alipoliona tangazo la bia na soseji mlangoni alisimama kwa fikira, kisha akasema, “Shemeji, watu hawa hawakuweza kuitwaa Tanga kwa mizinga, na leo wao wenyewe wametwaliwa kwa soseji.” Basi tukaingia.

Zulia halikuwapo tena, wala ubao wa vishale. Dari yote ilitundikwa bendera za miraba ya buluu na nyeupe, ambazo ni za Bavaria, kana kwamba Ujerumani nzima ni Bavaria, neno ambalo mtu wa Hamburg hulisikia kwa uchungu. Aliyetupokea alikuwa kijana mwenye suruali fupi ya ngozi na kanda za mabegani, magoti yake yamepauka kwa baridi. Akatukaribisha kwa Kijerumani cha maneno mawili, na alipoyamaliza hayo akaendelea kwa Kiingereza chenye lafudhi dhahiri ya Wales.

Tukaonyeshwa meza ndefu yenye mabenchi, na mabenchi hayo yahitaji maelezo. Kila moja ni ubao mwembamba uliowekwa juu ya miguu ya chuma inayokunjwa, na miguu yenyewe haiko nchani bali imeingia ndani kidogo, kwa hiyo benchi hutii kanuni moja ambayo haikuandikwa popote ukutani, nayo ni kwamba wakaao katikati wakiinuka, akaaye nchani hushuka. Shemeji, ambaye ni mtu wa mwili, alichagua nchani apate kunyoosha goti; vijana wanne wakakaa ubavuni mwake, nami nikakaa upande wa pili wa meza.

Bia ililetwa katika bilauri za lita moja, za kioo kizito ambacho kikiwa kitupu chapita kilo, na Waingereza waliozoea kipimo cha zaidi kidogo ya nusu lita walizinyanyua kwa mikono miwili, kwa hadhari. Kijana wetu akatueleza, kama alivyofundishwa, kwamba mwaka 1516 mtawala wa Bavaria, Wilhelm IV, aliamuru bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji, basi. “Na hamira je?” akauliza shemeji, ambaye mama yake alilea watoto saba kwa biashara ya maandazi. Swali lilikuwa la haki, maana amri ile haikuitaja hamira, na pasipo hamira hapana bia. Lakini kijana alikwenda kuuliza jikoni, tukakaa na kiu ya ilimu kwa muda mrefu. Bia yenyewe ilikuwa safi, na sina neno juu yake.

Shida ilikuwa soseji. Shemeji alikwisha niambia njiani, kwa sauti ya mtu aliyelifikiri jambo, kwamba bia ni neno baina yake na Mola wake, ama nguruwe ni neno baina yake na mama yake mzazi. Kijana akamsifia soseji nyeupe ya Munich, akisema ni ya ndama. Nikamwomba arudi tena jikoni, akaja na habari kuwa ndama yumo, na mafuta ya nguruwe yamo. Zikabaki za soya, nazo zina nasaba kubwa, kwani Konrad Adenauer, alipokuwa meya wa Köln katika njaa ya Vita Kuu vya kwanza, alibuni soseji ya soya ili watu wake wapate cha kula, na baadaye, mwaka 1949, akawa chansela. Nilimsimulia shemeji habari hiyo huku akitafuna. Akatafuna, akameza, akafuta mdomo, akasema kuwa mtu huyo hakustahili umeya, sembuse uchansela.

Mimi nililetewa zile za Nuremberg, ambazo kwa kanuni hazizidi sentimita 9, sita juu ya kabichi iliyochachushwa, pamoja na haradali yenye kutoa machozi. Nilizila kwa ubinafsi.

Hapo ikaingia bendi: kodiani, ngoma, na tarumbeta moja kubwa iliyomzunguka mpigaji wake kama chatu. Mkuu wao akaamuru wote wasimame watakiane afya, na wale vijana wanne wakasimama kwa pamoja, kama askari. Shemeji alishuka kwa taadhima, mgongo umenyooka, bilauri juu, na hakumwaga hata tone. Lakini sahani ilikuwa mapajani, na soseji ya Adenauer ikaruka pamoja na haradali yake, ikapita juu ya meza ya nyuma, ikatua kifuani pa mzee mwenye kofia ya sufu, ambaye nilidhani ameondolewa pamoja na zulia. Nyumba nzima ikanyamaza. Mzee akaitazama, akaikata, akaionja, akatamka neno la kwanza nililopata kulisikia kwake: “Si mbaya.” Shemeji akamwambia kwa heshima zote, “Mzee wangu, chukua yote.”

Hukumu yangu ni kwamba bia ni nzuri, na soseji za Nuremberg ni nzuri zaidi, ila bei yake ni ya Munich yenyewe na nauli juu. Msomaji atakayekwenda na aende siku isiyo na bendi, asiulize habari za hamira, na kwa hali yoyote akae katikati ya benchi.