Mgongo Ufe, Lori Lipone

Kama umechoshwa na mgongo unaoinama bila kelele, njoo tupakie mchanga Kisarawe tukashushe Kibaha. Tripu chache tu zinatosha.

Tuanze na kiti. Kile cha upepo kikitoboka, usizibe. Tandika kiroba cha matambara, juu yake kanga ya mama watoto, na hela ya fundi nunulia spika. Wajuaji husema uti wa mgongo wa mtu aliyekaa huumia zaidi mtikisiko ukifika mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na lori kwenye barabara mbovu hutikisika papo hapo. Basi ukiingia vumbi la Mzenga, lile lililojikunja kama bati, kanyaga mafuta. Pingili na barabara zicheze ngoma moja.

Pochi ikae mfuko wa nyuma, hata kama unene wake ni risiti za faini. Tako moja likiwa juu na jingine chini, uzeeni utatembea kwa madaha.

Foleni ikikushika Maili Moja, usishuke hata kujinyoosha. Zile pedi laini kati ya pingili karibu hazina mishipa ya damu. Hupata chakula mwili unapojongea. Zinyime tu, kwani wewe mwenyewe umekula nini tangu alfajiri?

Kushuka ni kuruka. Ngazi na vishikio waachie waoga, wale wanaoteremka wakiutazama mlango kama wanaaga mgonjwa. Ukitua, papo hapo kamata tairi la spea. Pamoja na ringi laweza kufika kilo 100, na utingo yupo, lakini utaitwaje dereva? Nyoosha magoti, inamia kiunoni, linyanyue, kisha geuka nalo.

Kiuno kikilia, usiende hospitali ya Tumbi wakakupime. Meza vidonge vya dukani, uchuliwe mafuta, kesho barabarani. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008, na anayeuchangia ni mwajiri, si wewe. Ila wewe huna mwajiri, una tajiri.

Tajiri mwenyewe juzi alibadilisha springi za lori. Alisimama gereji mpaka usiku, asije akafungiwa za mtumba. Mtajie habari za kiti, atakuuliza: "Kwani gari haliwaki?"