Umia kwa Faida

Una bahati kuzaliwa siku hizi. Zamani mtu akilia kwa kuambiwa neno moja aliitwa mwenye deko na kupewa jembe. Leo una kitabu cha kukutetea. Mwaka 1996 mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, aliandika kwamba watu kama 15 hadi 20 katika kila 100 huzaliwa na hisia kali kuliko wenzao: kelele huwachosha, harufu huwasumbua, karipio dogo huwakaa siku nzima. Wala si ugonjwa, anasema. Ishia hapo hapo. Mbele anaeleza kuwa watu hao ni wepesi pia kutambua mwenzao anapoumia, na kazi hiyo haina malipo.

1. Tangaza hali yako mapema. Mwezi wa Mei unafaa sana, kabla kupulizia hakujapamba moto. Ugonjwa wa ubwiriunga ukianza kutishia maua ya mikorosho, kila mwenye nguvu Masasi na Newala anajitwisha mashine mgongoni, injini ikimngurumia sikioni na unga wa salfa ukimwingia hadi kwenye kope. Wewe shika paji la uso. Sema mlio ule unakupanda kichwani. Mama atakuhurumia, atajifunga kitenge puani na kwenda yeye. Mashine ni nzito, ndiyo, lakini mama hajakisoma kile kitabu, kwa hiyo haumii.

Upate nafuu mwezi wa Oktoba, minada ikifunguliwa. Ghalani kuna malori, vumbi la magunia na wapagazi wanaoitana kwa sauti. Vumilia. Siku pesa zinapoingia benki, uwe wa kwanza kwenye foleni.

2. Chagua wa kumnunia. Hapa ndipo wanagenzi wanapoharibu. Huku kwetu mjomba ndiye mwenye kauli, na anajua shamba lipi litakwenda kwa nani. Akikukaripia mbele za watu, inamisha kichwa useme, "Nimekusikia, mjomba." Kisha nenda nyumbani ukamnunie mkeo. Bosi naye ni hivyo hivyo: hasira zake zipokee kwa tabasamu, halafu mhudumu akichelewesha chai mwambie amekuvunja moyo. Hisia kali ni kama maji ya mvua, zinateremka tu.

3. Kazini, usirekebishe kosa. Mkuu wako akikuambia hesabu za ripoti haziwiani, usiguse kalamu. Meza mate. Tazama sakafu. Omba ruhusa utoke nje kidogo upate hewa, ukae chini ya mwembe mpaka wakutume mtu. Safari ya pili atazirekebisha mwenyewe ili asikukwaze. Ukiwa hodari, ndani ya mwaka mmoja hutakuwa na kazi yoyote ila kuumia.

4. Jitoe kwenye grupu la ukoo. Fanya hivyo asubuhi, watu wakiwa macho waone. Usieleze sababu. Siku ya tatu, kama hakuna aliyekurudisha, mpigie admini umwombe akurudishe, ila asiseme ni wewe uliyeomba.

Kabla ya hapo unaweza kwenda Newala, pale Shimo la Mungu, ukapigwe picha ukitazama bondeni upande wa Ruvuma. Upepo wa pale unatoa machozi bila taabu. Iweke na maneno mawili: "Siko sawa." Wakikuuliza kulikoni, nyamaza.

5. Kususa chakula kunataka maandalizi. Kula kwanza kwa shangazi. Wahenga walishaonya, ukisusa wenzio wala, na ming'oko ya moto haimsubiri mtu.

6. Msibani jihadhari na watani. Mmoja atavaa kofia ya marehemu, ashike mkongojo wake, achechemee kama yeye akidai madeni yake kwa waliokaa jamvini. Wafiwa watacheka huku wanafuta machozi. Wewe kasirika. Sema utani huo umekujeruhi, uondoke haraka, kabla daftari la rambirambi halijafika ulipo.

7. Wenye shida za kweli wasikubabaishe. Watakutajia Novemba 2018, wanunuzi waliposhindana na serikali juu ya bei, ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja kubeba, na wakulima wengi wakakaa miezi wakisubiri malipo. Sikiliza mpaka mwisho, utikise kichwa. Kisha wakumbushe kwamba mwaka huo huo binamu yako alioa bila kukupa kadi.

Maoni juu ya mwongozo huu nayapokea kwa moyo mkunjufu, ila yawe ya kusifu. Katika wale 20, na mimi nimo.