Debe la Nani?

Mjomba wangu hununua mahindi kwa wakulima na kuyauza kwa wenye malori pale Kibaigwa, na debe ndilo linalomlisha. Mwaka 2022 akapata ujumbe kutoka kwa mtoto wa mama mdogo, aliyezaliwa na kukulia Nakuru, Kenya: "Shikamoo Mjomba. Agosti naingia debeni. Naomba unipigie debe."

Agosti kwetu mahindi yamejaa soko zima. Mjomba akafurahi kuona damu yake imeingia kwenye biashara ya maana, akajibu: "Marahaba mpwa wangu, karibu sana. Debe nitakupigia mwenyewe, ila magunia uje nayo."

Nakuru kimya. Siku ya pili ikaja picha: kijana kavaa suti, kanyoosha mkono juu, chini pameandikwa kwamba anagombea uwakilishi wa wadi. Mjomba akaitazama hadi miwani ikamshuka puani. "Sasa huyu," akaniuliza, "mahindi yake yako wapi?"

Wakenya wanapiga kura debeni. Sisi Watanzania tunalo sanduku la kura, na kwetu mpiga debe ni yule kijana wa stendi anayegonga ubavu wa basi akiita abiria wa Dodoma na Morogoro. Ukweli ni kwamba yeye na mgombea kazi yao inakaribiana, ila wa stendi ukishapanda gari linaondoka.

Neno lenyewe tumelipata kwa Wahindi. Kwao dabba ni kopo au kisanduku. Mjini Mumbai wapo watu, dabbawala, ambao kazi yao ni kupeleka vyakula vya mchana maofisini ndani ya makopo hayo, na hata behewa la treni wanaliita dabba. Huku kwetu neno likaganda kwenye lile kopo la bati la mafuta ya taa lililochukua galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Mafuta yakiisha, kopo linachotewa maji, linapimiwa nafaka, au linageuzwa ngoma harusini. Leo bati limeipisha ndoo ya plastiki ya lita 20, na jina limebaki lile lile. Hizo lita karibu mbili zilizoongezeka sijamsikia mnunuzi yeyote akizilipia.

Hapo ndipo kilio kilipo. Kwa mazoea gunia ni debe sita. Mama mdogo mwingine, wa kijijini, alitoka nyumbani na gunia la debe sita, likafika sokoni likawa debe tano, na wala halikutoboka. Debe la kununulia lilikuwa limegongwa kitako kikatokeza nje, halafu likajazwa kwa kichwa, mlima wa punje unaomwagika pembeni. La kuuzia limebonyea ndani, na linafutwa juu kwa kijiti. Ndoo nazo zina ufundi wake: nimeona iliyopashwa moto ikavutwa mdomo mpaka ikafanana na karai. Nilipomuuliza Mjomba kuhusu la kwake, aliinuka kwenda kuwanywesha mbuzi maji.

Lakini aliyenichekesha zaidi ni sista mmoja wa Hispania, aliyeombwa na mwenye duka jirani amsaidie kukagua daftari lake. Kila mstari ulikuwa na jina la mtu na neno debe: fulani debe mbili, fulani debe tatu. Sista akatikisa kichwa kwa huruma. Kwa Kihispania debe maana yake ni anadaiwa, na hata vitabu vyao vya hesabu vina safu ya madeni yenye jina hilo hilo, lililotokana na Kilatini. Neno hilo halina undugu wowote na bati la mafuta ya taa. "Masikini," akasema, "mji mzima una madeni!" Mwenye duka akamwambia hizo ni debe za mahindi. Kisha akakiri kwamba kweli, kati yao hakuna hata mmoja aliyekwisha kulipa.

Sheria ya Vipimo ipo, na Wakala wa Vipimo wapo. Kwa hiyo ndugu msomaji, ukishuka Kibaigwa ukatajiwa bei ya debe, usianze kupatana. Sema unataka kilo, na uione mizani ikiwa kwenye sifuri kabla gunia halijapanda.