Kibaigwa, saa saba mchana: sababu saba za kuwaacha wenye treni watangulie

Tangu treni ya SGR ianze kupeleka abiria Dodoma, Julai 2024, anayesafiri kikazi kwa gari anaonewa huruma. Mwenzake katoka Dar asubuhi, kafika makao makuu na shati halijakunjamana. Hongera yake. Ila reli imepita Kilosa na Gulwe, Kibaigwa hata haijaiona, na ndani ya behewa hakuna anayesonga ugali. Tunaanzia saba, tunashuka.

7. Saa yenyewe. Ukitoka Dar alfajiri, ukaheshimu vibao vya 50 kila kijiji (tochi hazina mapumziko ya mchana), njaa inakukamata ukishaipita Gairo, ukiingia Kibaigwa. Mpaka Dodoma mjini ni mwendo wa zaidi ya saa nzima. Wewe unaweza kuvumilia. Dereva hawezi, na ufunguo anao yeye.

6. Menyu ya mdomo. Hakuna karatasi. Dada anasimama mezani, mkono kiunoni, anatiririka: "Kuna wali nyama, wali maharage, wali kuku, ugali nyama, ugali samaki, ugali mlenda…" Unaamua kuku. "Kuku ameisha, baba." Basi samaki. "Samaki leo hajafika." Sasa mbona umemtaja? "Nilikuwa nakwambia tunavyopika." Huna la kujibu.

5. Malori. Usichague mgahawa kwa kibao, chagua kwa wanaokula. Kibaigwa ni mji wa soko la kimataifa la nafaka: mahindi yanashuka kutoka Kiteto na vijiji vya Kongwa, yanapimwa, yanapakiwa kwenye malori, na njiani kuna dalali anayelijua shamba kuliko mwenye shamba. Mtu aliyebeba magunia tangu asubuhi hatoi hela yake kwa ugali wa kubembeleza. Ukikuta wapakiaji wamejaa kwenye benchi, waombe wasogee, ukae. Ukikuta meza ina ua la plastiki na mgahawa hauna mtu, ujue bei ya ua imo kwenye nyama.

Faida nyingine ya kula na wapakiaji ni kipimo. Sheria inakataza lumbesa, lile gunia linalojazwa mpaka linashonewa kofia. Kwenye sahani bado hawajaikataza.

4. Risiti. Mhasibu anataka ya mashine. Mama ntilie ana kitabu chenye kaboni iliyochoka, na anauliza kwa upole: "Niandike ngapi, baba?" Andika tulichokula, mama. Dereva anakohoa. (Wale wa posho ya kujikimu hawahusiki hapa. Wao wanaagiza maharage, na inayobaki inanunua tofali.)

3. Ugali wenye rangi. Sembe nyeupe umeiacha Dar. Hapa kuna dona, na ukibahatika kuna wa uwele. Ugogoni mvua ni ya msimu mmoja, tena ya kubahatisha, ndiyo maana wazee walishikilia uwele na mtama wakati mahindi yanawaangusha wengine. Mgeni akiuona ule weusi wake anadhani umeungua. Haujaungua. Kula.

2. Karanga. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa, wilaya hii hii, walime karanga ili kwao wapate mafuta ya kula baada ya vita. Mibuyu ikawagomea, kiangazi kikaugeuza udongo saruji, mvua ikaja ilipotaka yenyewe. Kufikia 1951 mradi umekufa na pauni zaidi ya milioni 30 zimezikwa nao. Mama ntilie naye ana mradi wa karanga: kinu, mchi na binti wa kutwanga. Hadaiwi na mtu.

1. Mlenda. Hizo karanga ndiko zinakokwenda. Majani yaliyokaushwa na kusagwa yanamwagwa kwenye maji yanayochemka, magadi kidogo, kisha karanga, na mboga inaanza kuvutika. Wanaousema vibaya ni wale waliojaribu kuula kwa kijiko. Nawa kwenye ndoo ya koki, finyanga tonge, libonyeze katikati, chota. Usipeleke mdomoni bado! Inua, zungusha kiganja mara moja, uzi ukatike juu ya bakuli. Ukikosea, uzi unashuka kidevuni, unafuata tai, unaingia na wewe kwenye kikao cha saa kumi.

Mlango wa kuingilia ni salamu: sema "mbukwa" na mama atakuongezea bakuli bila kukuuliza. Ukikata uzi safi mara tatu mfululizo, atakuuliza, "Baba, umeoa Ugogoni?" Usihangaike kutafuta jibu. Dereva analo tayari, mdomo umejaa:

"Bado, mama. Ila Ijumaa tunapita tena."