Mwanao Asije Ferragosto

Shangazi, huku Bologna joto limetuzidi mpaka tunautamani upepo wa Raskazone hapo Tanga.

Ujumbe wako nimeupata: mwanao anakuja kututembelea katikati ya Agosti, na tarehe 15 anataka twende Rimini baharini, maana amesikia treni za Ulaya hazina shida. Kabla hajalipia ndege, msomee barua hii kwa sauti.

Tarehe 15 Agosti huku ni mapumziko ya Ferragosto. Mapumziko hayo yanatokana na Kaisari Augusto, mwaka 18 KK. Baadaye Kanisa nalo likaiadhimisha siku hiyo kwa Kupalizwa Bikira Maria. Ina baraka za dola na za dini, kwa hiyo anayebaki nyumbani ni paka tu. Mwaka 1931 serikali ya Mussolini ikaanzisha treni za bei poa ili makabwela nao wakaione bahari. Mussolini alikwisha kwenda zake. Makabwela bado wanakwenda baharini, na wote hupanda behewa langu.

Treni za mwendo kasi zina namba za viti, na nauli yake humkumbusha mtu madeni. Za mikoa nauli yake inalipika, lakini namba ya kiti hakuna: ni daladala iliyopewa choo. Mwaka jana nilimwona mtalii akiigeuza tiketi mbele na nyuma akitafuta kiti chake. Bibi mmoja alikuwa ameshakaa, na trei yake ya lasagna imekaa kiti cha pili. Mtalii akauliza kama pale pana mtu. Bibi akamjibu kwa upole kwamba lasagna inashuka Cesena.

Ratiba nayo ina elimu yake. Karatasi ya njano ukutani ni ya treni zinazoondoka, nyeupe ni ya zinazofika. Treni yenye alama ya nyundo mbili ni ya siku za kazi. Yenye msalaba ni ya Jumapili na sikukuu. Ya nyundo haiji Ferragosto hata ukiisubiri kwa dua. Yaani siku watu wanapofurika ndiyo siku treni nyingi zinapopumzika. Sababu yake aulizwe Augusto.

Tiketi ya karatasi ya treni za mikoa lazima igongwe muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, la sivyo ni faini. Mashine ikiwa mbovu, andika tarehe na saa kwa kalamu, kisha umtafute kondakta. Kumtafuta katikati ya miavuli ya ufukweni ni jasho, lakini akikutafuta yeye ni gharama.

Kutoka hapa hadi Rimini ni kama kilomita 110. Reli inafuata Via Emilia, barabara waliyoijenga Warumi mwaka 187 KK, na miji imejipanga humo mmoja baada ya mwingine: Imola, Faenza, Forlì, Cesena. Kila kituo wanapanda, hashuki mtu, tunaisubiri lasagna. Tikitimaji la familia fulani linabingirika chini ya viti, na kila linapopita watu huinua miguu bila kukatiza mazungumzo. Kwenye spika sauti iliyorekodiwa inaomba radhi kwa kuchelewa. Hakuna anayeijibu, kwa sababu watu wameshaanza kula, na Mwitaliano akishaanza kula hana haraka ya kufika popote.

Shangazi, sisemi asije. Aje Septemba: bahari bado ina joto na viti vinapatikana. Ikibidi iwe Ferragosto, abebe begi dogo na maji ya kutosha. Na nakuomba sana, usimfungie yule papa mkavu wangu ampitishe Rimini. Madirisha ya treni hizi mengi hayafunguki.